Jumba la Bwana na Kuta za Pwani ya Vanga

Wazee wetu walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa aghalabu kwa kuwaonya vijana wasidanganywe na sura ya mtu kabla ya kuujua moyo wake. Lakini ni methali iliyotoka katika vinywa vya watu waliojua nyumba. Katika miji yetu ya pwani fundi aliweza kukaa miezi mingi akiuchonga mlango mmoja kwa maua, minyororo na mawimbi, na mpita njia akaupima utajiri wa mwenye nyumba kabla hajapiga hodi. Katika insha hii namwomba msomaji aichukue methali hiyo kwa maana yake ya kwanza. Aufungue mlango, aingie ndani ya nyumba ya mawe, atazame kuta, dari na mahali pa wageni, kisha aulize maswali ambayo historia haichoki kuyauliza: Nyumba hii ilijengwa na nani, kwa mali ya nani, na kwa kusudi gani?

Kila taifa lina nyumba zake kubwa. Uingereza ina majumba ya mashambani, ambayo zamani kila moja lilikuwa moyo wa milki ya bwana mmoja. Bwana alimiliki ardhi. Wakulima walikaa katika ardhi hiyo, wakamlimia siku kadhaa au wakamlipa kodi, na mashauri yao madogo yakaamuliwa katika baraza lake. Jumba moja la namna hiyo lililohifadhiwa vema ni lile la Stokesay, katika jimbo la Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 13 na Laurence wa Ludlow, mtu ambaye hakuwa jemadari wala mwana wa mfalme, bali mfanyabiashara wa sufu. Katika mwaka wa 1291 alipata ruhusa ya Mfalme Edward I ya kulitia jumba lake boma, na katika mwaka wa 1294 alikufa maji baharini, meli iliyopakia sufu ilipozama.

Kiini cha jumba hilo ni ukumbi mmoja mpana na mrefu. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, na moshi ukapanda mpaka kwenye paa lililobebwa na magogo makubwa bila nguzo hata moja katikati. Humo walikula wote, mabwana na watumishi. Lakini bwana alikuwa na chumba chake cha faragha juu, kando ya ukumbi, na katika ukuta wa chumba hicho kuna vitundu vya kuchungulia, ili aliyeko juu aone yatendekayo chini naye asionekane. Msomaji na avikumbuke vitundu hivyo. Huonyesha kuwa nyumba kubwa haijengwi kwa ajili ya kulala tu. Hujengwa pia kwa ajili ya kutawala.

Nimeanza mbali ili tufike karibu. Tushike njia ya kusini kutoka Diani, ulipo msikiti wa kale wa Kongo karibu na mlango wa mto, tupite Gazi na Msambweni, tuchungulie Shimoni na kisiwa cha Wasini, mpaka Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya Kenya kabla ya mpaka wa Tanzania. Katika njia hiyo hatutaona ukumbi wa magogo makubwa kama ule wa Stokesay. Tutaona kuta za mawe ya matumbawe, nyingine zikiwa nzima, nyingine zikiwa magofu yaliyokumbatiwa na mizizi. Nazo zina mengi ya kusema kwa atakayezisikiliza.

Kwanza tuyatazame mawe yenyewe. Pwani yetu haina machimbo ya mawe magumu yapendwayo na wajenzi wa bara, lakini bahari imetupa matumbawe. Mawe ya kujengea kuta yalichimbwa katika nchi kavu, mahali palipokuwa bahari katika zama za kale. Mawe ya kuchonga, kama ya mihirabu na vizingiti, yalikatwa baharini yangali mabichi, kwani tumbawe likiwa na maji huwa laini mbele ya chombo cha fundi, nalo likikauka huwa gumu. Chokaa ilitoka katika matumbawe hayo hayo. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakaweka mawe juu yake, wakatia moto mpaka mawe yakaungua yakawa meupe. Kisha chokaa hiyo iliachwa ipigwe na mvua na kupoa kwa muda wa miezi. Mtu mwenye haraka hakuweza kuwa mjenzi wa mawe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baada ya mawe kuna miti. Dari ya nyumba ya pwani ilibebwa na maboriti yaliyokatwa katika mikoko, miti ile iotayo mahali maji ya chumvi yanapokutana na matope. Ghuba ya Gazi na hori za Vanga zina mikoko mingi hata leo. Boriti ya mkoko ni ngumu, hailiwi upesi na mchwa, nayo hunyoka vizuri. Lakini ina kasoro moja: haiwezi kubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa juu ya nafasi pana. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, aghalabu chini ya mita 3 kwa upana, ingawa urefu wake uliweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo au zaidi. Maboriti yetu yalipakiwa pia katika majahazi na kupelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko nako vyumba vilijengwa kwa kipimo hicho hicho. Ukumbi wa Stokesay una upana unaopita mara tatu ya chumba chetu, kwa sababu misitu ya nchi ile ilitoa magogo makubwa ya mwaloni. Basi tusiseme kuwa mjenzi mmoja alikuwa na akili kuliko mwenzake. Kila mmoja alikubali sheria aliyowekewa na mti wa kwao.

Tazama pia jinsi hewa na heshima zilivyoupanga mji na nyumba. Mwingereza alijenga dhidi ya baridi, akauweka moto katikati. Mswahili alijenga dhidi ya joto, akafanya kuta kuwa nene, dari kuwa juu na vichochoro kuwa vyembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Nje aliweka baraza la mawe, na hapo mgeni alikaribishwa, habari zikasemwa, bei zikakatwa na magomvi yakapatanishwa. Aliyeruhusiwa kupita mlango aliingia darakani, na mara nyingi njia ilikatwa kwa ukuta au ikapinda, ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kadiri mtu alivyozidi kuingia ndivyo alivyozidi kuwa wa nyumba hiyo, mpaka kikafikiwa chumba cha ndani kabisa, ambacho mgeni hakukikanyaga. Katika miji kama Lamu kuta za vyumba hivyo zilipambwa kwa zidaka, safu juu ya safu, zenye vyombo vya kauri kutoka Uchina na nchi nyinginezo. Bwana wa Stokesay aliwaona watu wake kwa vitundu, na bwana wa pwani alijificha nyuma ya mlango na ukuta. Njia zilikuwa mbali mbali, lakini jambo lilikuwa moja, nalo ni kupanga nani amwone nani, na mpaka wapi.

Hapo mwanafunzi aweza kufikiri kuwa palipo na mawe ndipo palipokuwa na ukuu, na palipo na udongo palikuwa na unyonge. Vumba Kuu yatufundisha kuwa sivyo. Mji huo ulikuwa katika bara iliyo kati ya Shimoni na Vanga, nao ndio asili ya Wavumba, ambao baadaye walikaa Wasini, Vanga na vijiji vya jirani. Watawala wao waliitwa madiwani, na siwa yao, pembe ile kubwa ya kupulizwa, ilikuwa alama ya enzi iliyotambuliwa mbali. Habari zao zilikusanywa na Alfred Claud Hollis, ofisa wa Kiingereza, akazichapisha katika mwaka wa 1900. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofika huko katika miaka ya karibu wamekuta masalia ya msikiti na ya ukuta wa mawe, lakini nyumba za watu kwa sehemu kubwa zilikuwa za miti na udongo. Diwani hakuupata ukuu wake kwa urefu wa ghorofa yake. Mwenye kutaka cheo hicho alipaswa kuandaa karamu kubwa, kuwalisha wenyeji na kupata ridhaa yao. Mawe waliyatoa kwa ajili ya ibada na ulinzi, na mali wakaitoa kwa ajili ya watu. Mpita njia asiyejua historia ataliona pori la Vumba na kusema kuwa hapakuwa na kitu. Kumbe palikuwa na dola.

Sasa twende Gazi, mahali ambapo tutapata mfano wa karibu zaidi wa jumba la bwana na milki yake. Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia moja, mpaka Seyyid Said wa Oman na Unguja alipoushinda katika mwaka wa 1837. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakuu wa ukoo wake, akapelekwa Uajemi, naye hakurudi. Waliosalia waligawanyika. Wengine walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu, na wengine walikwenda kusini wakakaa Gazi. Huko Gazi aliinuka Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule liwali, akajenga jumba la mawe na chokaa, akakusanya mashamba, wafuasi, askari na watumwa. Mtu aliyepoteza ngome ya baba yake alijitengenezea mji mdogo wake mwenyewe, na jumba lake likawa tamko kwa masultani wa Unguja kwamba Mazrui bado wapo.

Mbaruk aliasi si mara moja. Katika mwaka wa 1882 majeshi ya Sultani, chini ya Lloyd Mathews, yalimfuata mpaka Mwele, boma lake lililokuwa msituni nyuma ya Gazi. Vita kubwa zaidi ilikuja katika mwaka wa 1895. Ugomvi wa kurithi cheo ulizuka Takaungu, nao Waingereza wakamwunga mkono mmoja wa wagombea, na yule aliyenyimwa akashika silaha. Mbaruk, baada ya kusitasita, akaingia upande wa jamaa zake walioasi. Tarehe 17 Agosti 1895 jeshi la Admirali Rawson liliteka Mwele, lakini vita haikwisha. Ilienea pwani nzima mpaka askari walipoletwa kutoka Bara Hindi katika mwaka wa 1896. Mwezi wa Aprili mwaka huo Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wadachi, akakaa Dar es Salaam mpaka alipofariki katika mwaka wa 1910. Mpaka alioukimbilia ulikuwa mpya. Wazungu waliuchora katika mapatano ya mwaka wa 1886, nao ulianzia mlangoni mwa mto Umba, jirani kabisa na Vanga. Mstari uliochorwa bila kuwauliza wenyeji ndio uliomwokoa mmoja wao.

Yafaa tulitafakari jambo moja katika habari hizo. Hatari ilipokuja, Mbaruk hakutumaini kuta za jumba lake la Gazi. Alitumaini msitu, miiba na boma la Mwele. Jumba lilikuwa la wakati wa amani, yaani la kupokea wageni, kuhukumu, kuhesabu mali na kuonyesha heshima. Nguvu zake zilikuwa katika watu waliokubali kumfuata mwituni. Hapa Mbaruk na madiwani wa Vumba wanakutana, ingawa mmoja alijenga kwa mawe na wenzake waliishi katika udongo.

Lakini haki yatutaka tuulize pia juu ya watu ambao hawakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa. Mawe hayakuchimbwa na bwana kwa mikono yake, wala hakubeba magogo ya kuchomea chokaa, wala hakuingia topeni kukata maboriti. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya kazi nzito za pwani ilifanywa na watumwa, na mashamba yaliyolisha majumba makubwa yalilimwa nao. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari tarehe 5 Juni 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907. Majina ya mabwana yamebaki vitabuni, nayo majina ya waliobeba mawe yamepotea. Msomaji atakapougusa ukuta wa zamani, na atafute alama ya kidole katika lipu. Huenda ndiyo sahihi pekee iliyoachwa na mtu yule. Na tusiwatupie lawama watu wa pwani peke yao. Jumba la Kiingereza nalo lilisimama juu ya migongo ya wakulima wengi ambao hawakuwa huru kuiacha ardhi ya bwana wao.

Mabwana hupita, na kuta hubaki zikiona mengine. Mwezi wa Oktoba 1914 vita kuu ya kwanza ilifika Gazi, wakati Wadachi walipotoka upande wa Vanga wakitaka kuikaribia Mombasa, nao wakarudishwa nyuma. Mwezi wa Januari 1915 mapigano makali yalitokea Jasini, ng'ambo kidogo ya Vanga. Baadaye jumba la Mbaruk lilitumiwa kuwa shule. Sijui adhabu tamu zaidi ya hii kwa fahari ya mabwana: mahali palipowekwa mipaka ya nani aingie na nani akae nje, watoto wa wavuvi na wakulima waliingia wote, wakakaa, wakasoma.

Tumefika Vanga, na hapa sina budi kuonya. Mji huu umekaa chini, umezungukwa na mikoko, na wakati wa bamvua maji huja mpaka karibu na milango na pengine hupita. Nyumba ya mawe haifi kwa siku moja. Kwanza chokaa ya juu hupasuka, na mvua ikapata njia. Maji yakifika kwenye ncha za maboriti, maboriti huoza. Dari ikianguka, ukuta huwa wazi juu, nao hunyeshewa mpaka udongo na chokaa vilivyoshika mawe vikaoshwa. Kisha ndege huangusha mbegu, mti ukaota, na mizizi ikamaliza kazi. Wengine, kwa nia njema, huziba nyufa kwa saruji. Lakini saruji ni ngumu kuliko ukuta wa chokaa, nayo huyafungia maji ndani, hata ukuta ukazidi kuugua. Dawa ya chokaa ni chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii, ukishaanguka, si rahisi kumpata fundi wa kuujenga tena kama ulivyokuwa.

Habari njema ni kwamba wenyeji wa pwani hiyo wamekwisha kuonyesha kuwa urithi waweza kutunzwa na kuwafaa watu pamoja. Katika mwaka wa 1999 au kabla yake, nani angaliamini kuwa mikoko iliyosimama yaweza kuleta fedha kuliko mikoko iliyokatwa? Lakini tangu mwaka wa 2013 wanakijiji wa Gazi wamelinda na kupanda mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, wakapata fedha kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo kwa ajili ya hewa chafu inayozuiwa na miti hiyo, wakazitumia kwa maji na shule. Baadaye Vanga na vijiji vya Jimbo na Kiwegu vikafuata mfano huo. Mti ule ule uliobeba dari za mababu sasa waulinda ufuo usiliwe na bahari. Ikiwa mti umepata walinzi, kwa nini ukuta ukose?

Kazi hiyo haihitaji kungoja serikali wala wageni, ijapokuwa Kenya ina sheria ya mwaka wa 2006 ya kulinda makumbusho na turathi za taifa. Mwanafunzi mmoja mwenye daftari na kamba ya kupimia aweza kuanza leo. Na apime upana wa chumba, aone kama umezidi urefu wa boriti. Na achore baraza na mlango. Na amwulize bibi yake ni nani aliyekaa humo, ni nani aliyepika, na ni nani aliyetumwa kisimani. Asiogope jibu likiwa chungu, maana historia iliyotiwa sukari haimlishi mtu.

Nyumba njema si mlango. Tumeufungua mlango, tumeona fahari na dhuluma, ufundi na jasho, vyote vikiwa chini ya dari moja. Atakayezitunza kuta hizi asifanye hivyo kwa kuwatukuza mabwana, kwani wao wamekwisha kwenda zao. Na azitunze ili watoto wa Vanga na Gazi wasije wakalazimika kusafiri mpaka Shropshire kujifunza jinsi jiwe linavyoweza kushuhudia, hali mashahidi wao wenyewe wamesimama nyuma ya mikoko, wakingoja kuulizwa.